Upanga wa mwanga hauwaki: fuata njia ya umeme kabla ya kuilaumu taa

Ukibonyeza kitufe cha upanga wa mwanga, ule wa filamu za Star Wars, usiwake, lawama ya kwanza huiangukia taa. "LED imeungua," ndivyo watu wanavyoniambia wanaponiletea nakala zao za vifaa vya filamu: panga, kofia zenye macho yanayowaka, bastola za anga za juu. Nimezifungua nyingi, na ni mara chache sana nimekuta LED yenyewe imekufa. LED haina ule uzi mwembamba wa balbu ya zamani unaoungua na kukatika. Ikipewa mkondo inaoustahili hudumu maelfu ya saa, na upanga unaokaa kabatini hauwezi kuzimaliza saa hizo. Kinachokufa ni njia. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye bati na springi zinazoishika, huingia kwenye waya, swichi, bodi ya saketi na rezista (kipande kidogo kinachopunguza mkondo), ndipo ufike kwenye taa, kisha urudi. Kila kiungo hapo ni mahali pa kukatika.

Somo hili nililipia. Dada yangu aliniletea upanga kutoka ng'ambo, mpini wa chuma na ubapa wa buluu, betri tatu za AA. Nikauacha kabatini Tanga na betri zake ndani, mvua za masika zikapita mara mbili. Siku nilipoutaka haukuwaka. Nikachukua kisu nikaanza kukata gundi ya kichwa cha mpini kuitafuta taa, kabla hata sijafungua kifuniko cha betri. Taa ilikuwa nzima. Kilichokuwa kimeharibika ni springi moja iliyoliwa na maji ya betri, kitu cha kutengeneza kwa nusu saa. Alama ya kisu ipo mpaka leo, na kwa mkusanyaji alama hiyo haifutiki.

Kwa hiyo utaratibu ninaokupa hapa unaanzia nje kwenda ndani, na unatanguliza yale ambayo ukiyafanya unaweza kuyarudisha kama yalivyokuwa. Nitazungumzia panga za mwanga kwa sababu ndizo nizijuazo zaidi, lakini njia ni ileile kwa kofia, taa ya kifuani au kifaa chochote cha betri.

Kabla ya kushika bisibisi

Kama nakala bado iko ndani ya muda wa dhamana, usiifungue. Mwandikie muuzaji, mpigie video hitilafu ikionekana, kisha usubiri jibu. Ukishavunja sili au kukata gundi, huenda dai lako limekwisha.

Kama dhamana imepita, tandika kitambaa cheupe mezani, piga picha kila upande, na kila unapotoa kitu piga nyingine. Skrubu zisichanganywe. Nakala nyingi zina skrubu za urefu tofauti, na ile ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi hutoboa ganda upande wa pili. Mimi huchora umbo la mpini kwenye karatasi, nikaichomeka kila skrubu kwenye nafasi yake palepale kwenye mchoro. Na usitupe chochote cha asili, hata kilichoharibika. Springi iliyooza, LED iliyokufa, waya uliokatika, vyote viingie kwenye mfuko mdogo wenye maandishi. Atakayeinunua nakala yako kesho atataka kujua nini ni cha kiwandani na nini umeweka wewe.

Kisha iache nakala ikueleze. Bonyeza kitufe, usikilize na kutazama kwa makini, maana dalili zinatofautiana na kila moja inaonyesha mahali pake.

Hakuna mwanga, hakuna sauti: umeme haufiki kabisa. Anza na betri, mabati na swichi.

Sauti ipo, mwanga hakuna: bodi inapata umeme. Hitilafu iko kati ya bodi na taa, au betri zina nguvu ya kutosha sauti lakini hazitoshi mwanga.

Unawaka sekunde moja, unazima, kisha unajiwasha upya na mlio wa mwanzo: hapa karibu daima ni betri. Taa inapovuta mkondo volti zinaanguka, bodi inakata, taa ikizima volti zinapanda tena, na mzunguko unaendelea.

Unawaka vizuri mezani lakini unamemeteka ukiutikisa: kuna kiungo kilicholegea, ama springi, ama lehemu, ama waya.

Unawaka nusu ya ubapa tu: ni habari ya ukanda wa LED, nitaifikia.

Dalili moja zaidi ambayo watu wengi hawaijui na inaokoa muda mwingi. LED nyekundu huhitaji volti 2 hivi ili iwake. Ya buluu, ya kijani kibichi cha siku hizi na nyeupe huhitaji karibu volti 3. Kwa hiyo betri zikichoka, rangi hazifi pamoja. Kwenye kofia au bastola yenye taa za rangi mbalimbali, buluu na nyeupe hufifia kwanza, nyekundu ikiendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiona hivyo, usiondoe LED ya buluu. Badilisha betri.

Betri, na mambo madogo yanayofanana nazo

Angalia kwanza vitu visivyohitaji akili ya ufundi. Nakala mpya nyingi huja na kipande cha plastiki kilichopachikwa kati ya betri na bati ili zisiishe dukani, kivute. Nyingine zina swichi ya pembeni yenye nafasi tatu, na nafasi ya katikati ni ya kujaribia dukani: taa huwaka sekunde chache tu na kuzima. Isogeze hadi mwisho. Panga za kutengenezwa kwa mkono, zile zenye tundu la kuchajia mpinini, mara nyingi huja na pini ya mapambo ambayo ikichomekwa kwenye tundu hilo hukata umeme wote. Niliwahi kupokea upanga uliotumwa kutoka Nairobi kwa basi, mwenyewe akiwa amekata tamaa, kumbe pini ilikuwa mahali pake.

Sasa betri zenyewe. Betri moja mpya ya AA ya alkalaini huwa na volti 1.5 au zaidi kidogo, kwa hiyo tatu zikifuatana hutoa 4.5 na ushee. Za kuchaji za aina ya NiMH hutoa 1.2 kila moja, yaani 3.6 kwa tatu. Kwa upanga mwekundu 3.6 inatosha. Kwa upanga wa buluu ni mpaka wa mwisho, na bodi nyingine hukataa kabisa. Kama umeweka betri za kuchaji na upanga wa buluu unafifia, jaribu alkalaini mpya kabla ya kufanya lolote.

Usizipime betri zikiwa zimelala. Betri iliyochoka inaweza kukuonyesha 1.4 ikiwa mezani, na ikishavutwa mkondo ikaanguka chini ya volti 1. Weka ncha za mita ya kupimia umeme kwenye betri ikiwa ndani ya nakala, mwambie mtu abonyeze kitufe, usome wakati huohuo. Betri ya alkalaini inayoshuka chini ya 1.2 wakati wa kuwasha haifai kwa upanga. Ipe saa ya ukutani. Badilisha zote kwa pamoja, za aina moja. Ukichanganya mpya na kuukuu, ile dhaifu itasukumwa kinyume na zenzake, itavuja, na uvujaji ndio unaoua nakala nyingi.

Panga nyingi za siku hizi hutumia betri ya lithiamu ya aina ya 18650. Ikiwa imejaa hufika volti 4.2, na ikikaribia 3 inafaa kuchajiwa. Baadhi zina kichwa kilichochomoza upande wa chanya, baadhi ni bapa. Bapa ikiwekwa kwenye kibebeo kilichotengenezwa kwa ajili ya yenye kichwa haigusi, na upanga unakuwa kama uliokufa. Hakikisha pia hujaigeuza, kwa sababu bodi nyingi hazina kinga na zitaungua papo hapo. Betri ya lithiamu iliyovimba, iliyochubuka ganda au inayopata joto bila kutumika hairudishwi kazini. Ziba ncha zake kwa teipu, iweke mbali na vitu vinavyowaka, usiitoboe wala kuitupa motoni.

Nakala ndogo hutumia betri za kitufe, kama LR44 za volti 1.5 au CR2032 ya volti 3. Hapa naomba usimame kidogo. Mtoto akimeza betri ya kitufe, umeme wake huanza kuunguza koo la chakula, na ndani ya saa mbili majeraha yanaweza kuwa makubwa. Hesabu betri ulizotoa, hesabu ulizorudisha, na kifuniko kifungwe kwa skrubu yake. Ukishuku mtoto amemeza, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje dalili.

Unga mweupe kwenye springi

Huku pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu, hewa yenye chumvi na unyevu haitusamehi. Fungua kifuniko cha betri kwenye mwanga mzuri, utazame kila bati na kila springi. Unga mweupe au wa kijani-buluu ndio adui.

Betri ya alkalaini ikivuja hutoa potasiamu haidroksaidi, ambayo hugeuka unga mweupe ikikutana na hewa. Ni kali kwa ngozi na macho, hivyo vaa glavu na miwani. Dawa yake ni asidi nyepesi: siki, au maji ya limau yaliyochujwa. Chovya kijiti cha pamba, kikamue kisidondoshe, paka kwenye unga. Utaona povu dogo. Likitulia futa, rudia kwa pamba nyingine, kisha futa kwa pamba iliyoloweshwa maji kidogo ili kuondoa siki, na mwisho kwa spiriti ya duka la dawa ili pakauke haraka. Zile betri za bei nafuu za zinki na kaboni huvuja kitu chenye asidi, na kwa hizo siki haisaidii. Tumia bekingi soda iliyokorogwa kwenye maji kidogo.

Spiriti hiyo isiguse rangi ya nakala wala plastiki angavu. Hung'oa rangi, na akriliki ikiguswa nayo inaweza kufanya nyufa ndogo kama utando wa buibui, hasa kwenye kona.

Nakuomba pia usikimbilie msasa. Springi na mabati ya betri yamepakwa nikeli, na tabaka hilo ni jembamba sana. Ukilikwangua, leo taa itawaka vizuri, lakini chuma kilichobaki wazi kitashika kutu mapema kuliko mwanzo. Anza na raba ya penseli. Ukishindwa, ncha ya kijiti cha mti. Msasa laini ni wa mwisho kabisa, kwa bati ambalo tayari nikeli yake imeliwa.

Springi ikiwa imekatika au imeshakuwa nyembamba kama uzi, tafuta nyingine. Si lazima iagizwe. Rimoti mbovu ya televisheni ina springi za AA au AAA zenye ukubwa uleule, na mafundi wa redio wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, wana mifuko mizima ya vifaa kama hivyo.

Kisha fanya jambo ambalo wengi husahau: fuata waya unaotoka kwenye springi ya hasi. Maji ya betri hupanda ndani ya waya, chini ya ganda la plastiki, kama mafuta kwenye utambi. Kwa nje waya ni mzima. Ndani shaba imekuwa nyeusi, na risasi ya kulehemu haishiki. Menya sentimita moja utazame. Ikiwa nyeusi, kata, menya tena, mpaka ufikie shaba inayong'aa. Waya ukiwa umeoza wote, weka mwingine wa unene huohuo. Upanga wangu wa buluu uliniendesha siku mbili kwa sababu ya kipande hiki. Springi mpya, betri mpya, na bado mwanga ulikuwa hafifu. Waya ulikuwa umeoza sentimita nne ndani.

Tembea na mita

Kama betri ni nzima na mabati ni safi, sasa mita iingie kazini. Mita ya kawaida ya fundi inatosha, ile ya bei ya chini kabisa. Wengi huitumia kusikiliza mlio tu, kama waya umekatika au la. Mlio ni mzuri lakini hudanganya: waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba utalia vizuri, na bado hauwezi kubeba mkondo wa taa. Volti zikipimwa upanga ukiwa umewashwa hazidanganyi.

Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Ncha nyeusi iweke kwenye hasi ya betri ya mwisho na uiache hapo. Ukiwa na kibanio cha mamba, ibane. Ncha nyekundu itembee. Washa upanga. Anza kwenye chanya ya pakiti ya betri: 4.5 hivi. Nenda kwenye bati la chanya lenyewe, usiguse betri: namba iwe ileile. Kisha mahali waya ulipolehemewa kwenye bati, kisha mwanzo wa swichi, kisha mwisho wa swichi, kisha mahali waya unapoingia kwenye bodi. Kila hatua namba ibaki karibu ileile. Pale inapoanguka ghafla, ugonjwa uko kati ya hatua uliyotoka na hatua uliyofika. Hukuhitaji kubahatisha wala kukata kitu.

Upande wa hasi nao hupimwa vivyo hivyo, ila hapa namba nzuri ni sifuri. Ncha nyeusi ibaki palepale kwenye betri, nyekundu iguse springi ya hasi, halafu lehemu yake, halafu hasi ya bodi. Ukiona nusu volti popote, umeipata kutu iliyojificha.

Swichi ina kipimo chake. Ikiwa imewashwa, weka ncha moja kila upande wa swichi. Swichi nzuri itakusomea sifuri au milivolti chache. Ikikusomea 0.5 au 1, imechoka ndani. Inakula umeme uliopaswa kwenda kwenye taa. Swichi ya kusogeza inaweza kufufuliwa kwa tone moja la dawa ya kusafishia viungo vya umeme na kuisogeza mara ishirini. Kitufe cha kubonyeza kilichofungwa hakifufuki. Pima upana wake na urefu wa kichwa chake, ukatafute kama hicho.

Kwa wenye panga za bodi ya sauti: kitufe hapo hakibebi mkondo wa taa, hutuma ishara tu kwa bodi. Ukikibonyeza na mita ikalia, kitufe ni kizima hata kama hakuna kinachowaka.

Kiungo baridi

Upanga unaowaka ukiuinamisha na kuzima ukiurudisha una kiungo kilichoachia. Fungua ganda, washa, na kwa kijiti cha mti (si bisibisi ya chuma, usije ukapiga shoti) sukuma taratibu waya mmoja mmoja karibu na lehemu yake. Taa ikimemeteka, umefika. Lehemu nzuri hung'aa na hupanda kwenye waya kwa mteremko. Iliyoshika vibaya ni ya kijivu, ina chembechembe, au ina duara jembamba la ufa kuizunguka pini.

Toa betri. Pasha kiungo kwa pasi ya kulehemu, ongeza risasi kidogo yenye utomvu ndani, acha iyeyuke yote, ondoa pasi, usipulize wala kutikisa mpaka igande. Sekunde tatu zinatosha. Ukikaa sana unayeyusha ganda la plastiki la LED au kung'oa njia ya shaba kwenye bodi, na njia iliyong'oka ni kazi nyingine kabisa. Mashine kubwa ya kulehemia mabomba usiilete hapa.

Waya hukatika zaidi pale unapokutana na lehemu, kwa sababu hapo ndipo laini inapogeuka ngumu. Ukimaliza, funga waya kwenye ganda kwa tone la gundi ya moto, sentimita moja kutoka kwenye kiungo, ili mtikisiko uishie kwenye gundi.

Ubapa unaowaka nusu

Panga ziko za namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ina LED moja yenye nguvu mpinini, inayomulika bomba tupu la polikaboneti. Hii haiwezi kuwaka nusu ya urefu. Ikififia, fikiria betri, na angalia kama LED imekaa vizuri juu ya kipande cha chuma kinachoipoza.

Namna ya pili ina ukanda wa LED ndogo ndani ya bomba, urefu wote. Kwenye panga za pikseli kila LED ina chipu yake ndani, kama WS2812B, na waya ni tatu tu: chanya, hasi na data. Kila pikseli hupokea maagizo, huchukua yake, na kumpasia jirani yaliyobaki. Ukielewa hilo umeelewa ugonjwa wote. Ubapa ukiwaka hadi katikati na juu kuwa giza, usifikirie kwamba LED hamsini zimekufa pamoja. Moja ndiyo yenye tatizo: ama ya kwanza isiyowaka, ama ya mwisho inayowaka, ambayo inajiwasha yenyewe lakini haipasii. Rangi zikirukaruka ovyo, nyeupe hapa na zambarau kule, shuku waya wa data au hasi iliyolegea.

Kabla ya kuvuta ukanda nje, safisha mahali ubapa unapokutana na mpini. Hapo kuna pini ndogo za springi, na mara nyingi moja hushuka na kukwama au hushika utando mweusi. Bonyeza kila moja kwa kijiti uone inarudi juu. Futa kwa spiriti, futa na sahani ya chini ya ubapa. Geuza ubapa robo mzunguko, urudishe. Kama una rafiki mwenye upanga wa aina hiyohiyo, weka ubapa wako kwenye mpini wake: dakika moja, na unajua ugonjwa uko upande gani. Hakuna kipimo ninachokipenda kuliko hicho.

Ukanda ukithibitika ni mbovu, hitilafu hukutwa mara nyingi sentimita chache kutoka chini au pale pigo lilipoangukia. Panga za pikseli zinapendeza sana na hazipendi kupigwa. Wenye kutaka kucheza mapigano wanunue zile za LED moja mpinini.

Kama kweli ni LED

Umetembea na mita mpaka miguuni pa LED. Kama unasoma volti zote za betri, 4.5, kati ya miguu yake miwili na haiwaki, imekatika ndani. Kama unasoma 2 au 3 na inawaka, ni nzima. Kama unasoma sifuri, njia kabla yake imekatika au LED imepiga shoti.

Ya kuthibitisha ni betri ya CR2032. Ibane betri hiyo katikati ya miguu miwili ya LED, mguu mrefu kwenye chanya. Mguu ukiwa umeshakatwa, upande wa ganda la LED uliokatwa bapa, usio wa duara, ni hasi. Betri hiyo ina ukinzani wake wa ndani, haitaiunguza LED kwa kujaribu sekunde moja mbili. Isipowaka, igeuze, isipowaka tena, imekufa kweli.

Ukinunua mpya, chukua ya kipenyo hichohicho (3 mm na 5 mm ndizo za kawaida) na uangalie rezista kabla ya kuiwasha. LED inayokufa mara mbili mfululizo inauawa na kitu. Hesabu ni rahisi: toa volti za LED kwenye volti za betri, gawanya kwa mkondo. Nyekundu kwa betri tatu: 4.5 toa 2 ni 2.5, gawanya kwa ampea 0.02, unapata omu 125, kwa hiyo weka 150. Buluu: 4.5 toa 3.1 ni 1.4, gawanya kwa 0.02 ni omu 70, weka 82. Ukibadilisha nyekundu kuwa buluu bila kubadilisha rezista, itawaka hafifu. Ukibadilisha buluu kuwa nyekundu, itawaka kwa mkondo mkubwa kuliko haki yake na haitadumu.

Nakala za kale zenye balbu

Hizi zina utaratibu tofauti kidogo. Balbu ndogo ya uzi hufa kwa kuungua, na mita kwenye mlio itakwambia mara moja. Nunua ya volti zilezile zilizoandikwa shingoni, na usiweke LED mahali pake kwa haraka, maana rangi ya mwanga wa balbu ni sehemu ya kitu chenyewe.

Kuna jambo linalonifurahisha kila ninapoyafanya haya. Upanga wa Luke Skywalker katika Star Wars ya 1977 ulitokana na mpini wa taa ya kupigia picha wa kampuni ya Graflex, ambao Roger Christian, mpambaji wa seti, aliupata kwenye duka la vifaa vya picha London. Kazi ya mpini ule hapo awali ilikuwa kubeba betri tatu kubwa za aina ya D na kuwasha balbu za mmweko za wapiga picha wa magazeti. Wakusanyaji wanaotafuta Graflex za asili leo hufungua kifuniko cha chini na kukutana na unga mweupe uleule, kwenye springi ileile. Kwa vitu kama hivyo usisafishe zaidi ya kilicho lazima. Siki kwenye bati la betri, basi. Nje paachwe na uzee wake.

Kurudisha na kuhifadhi

Kabla ya kufunga ganda, iwashe nakala dakika kumi mfululizo ikiwa wazi. Gusa betri, swichi na rezista: uvuguvugu ni sawa, joto la kukufanya uondoe kidole si sawa. Itikise. Igeuze kichwa chini. Ikivumilia, rudisha skrubu ukifuata mchoro wako, ukizizungusha kwanza kinyume mpaka uhisi zimedondokea kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Hivyo plastiki haichongwi njia mpya.

Halafu toa betri. Hata kama kesho utaiwasha tena. Zifunge kwenye mfuko wake, andika tarehe uliyozinunua, weka mfuko kando ya nakala, wala si ndani yake. Kabati likiwa la ukuta wa nje, tia pakiti mbili tatu za chembe za kufyonza unyevu zinazokuja na viatu vipya. Mimi hufungua kabati kila mwanzo wa mwezi, naweka betri, nawasha kila upanga dakika mbili, natazama mabati kwa tochi, natoa betri, nafunga.